Mhunzi wa Grand Detour: John Deere kabla jina lake halijaandikwa kwenye trekta

Swali la msomaji: "Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma mkoani Mbeya. Natengeneza plau, haro na matela ya wakulima. Trekta za kijani zinapita hapa kila msimu, na juzi mteja mmoja ameniambia kwamba lile jina la ubavuni, John Deere, ni la mhunzi wa kijijini aliyegundua plau ya chuma cha pua. Naomba unieleze: fundi kama yule aliishije, siku kwa siku? Chuma alikipata wapi, na wateja walimlipaje? Ni kweli ndiye aliyegundua plau hiyo? Na kwa nini yeye alipanda, wahunzi wenzake wakabaki walipo?"

Marahaba, fundi. Kuhusu uhunzi mteja wako amesema kweli. Kuhusu kugundua, tutafika. Naanza na mtu mwenyewe, kwa sababu simulizi inayojulikana sana huanzia mwaka 1837, mwaka wa ile plau, na kuiacha miaka 33 ya mwanzo ya maisha yake, na majibu ya maswali yako mengi yamo humo.

John Deere alizaliwa tarehe 7 Februari 1804 mjini Rutland, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Baba yake alikuwa mshonaji. Mwaka 1808 baba huyo alisafiri kwenda Uingereza kwa meli, na tangu hapo hakuonekana wala habari zake hazikusikika. Mama akalea watoto kwa sindano na uzi. Shule John aliipata kidogo tu. Mwaka 1821, akiwa na miaka 17, akaingia uanagenzi kwa Kapteni Benjamin Lawrence, mhunzi wa mji wa Middlebury. Mkataba ulikuwa wa miaka minne: chakula, malazi, mahitaji ya kila siku, na posho ya dola 30 kwa mwaka wa kwanza, ikiongezeka dola tano kila mwaka.

Wewe una mashine ya kuchomelea, kwa hiyo naomba uiweke kando kidogo ili uione kazi aliyokuwa akijifunza kijana huyu. Mwanagenzi alianza kwa kuvuta mivukuto na kuchambua makaa. Baadaye akapewa nyundo kubwa, awe anapiga mahali ambapo fundi anagusa kwa nyundo ndogo. Kipimajoto hakikuwepo, joto lilisomwa kwa macho. Chuma kikiwa chekundu kinakunjika, kikifika manjano kinafulika vizuri, na kikiwa cheupe kabisa, kinaanza kurusha cheche, hapo ndipo vipande viwili vinaweza kuunganishwa. Fundi alivitoa vyote viwili motoni kwa pamoja, akavinyunyizia mchanga ili uchafu uyeyuke na kutoka, akavilaza juu ya fuawe kimoja juu ya kingine, akapiga. Alikuwa na sekunde chache tu. Akichelewa, viungo havishiki. Akizidisha moto, chuma kinaungua na kazi imeharibika.

Chuma cha pua kilikuwa na masharti yake. Ukikitia majini kikiwa chekundu kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Ilibidi mhunzi akisugue mpaka king'ae, akipashe tena polepole, na atazame rangi nyembamba inayotembea juu yake: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha buluu. Wembe ulizimwa kwenye manjano, springi kwenye buluu. Mtu aliyejua hayo alihesabiwa fundi popote alipokwenda.

Deere alimaliza uanagenzi mwaka 1825, akafanya kazi kwa watu, akamwoa Demarius Lamb mwaka 1827, kisha akajaribu kujitegemea. Sifa iliyombakia kutoka miaka hiyo ni ya uma za kubebea majani makavu ya mifugo na sepetu alizotengeneza. Alizisugua na kuzing'arisha kuliko mafundi wengine, hata majani na udongo vikawa vinateleza vyenyewe bila kung'ang'ania. Nakuomba uikumbuke tabia hiyo ya kung'arisha chuma, maana nitairudia.

Kujitegemea hakukumwendea vizuri. Karakana yake iliungua, akajenga tena, ikaungua tena. Alijenga kwa fedha za kukopa, na Vermont ya miaka ya 1830 ilikuwa na hali ngumu: vijana walikuwa wanaihama kwenda magharibi, na mhunzi hubaki na kazi pale tu watu na mifugo wanapobaki. Madeni yakamfika shingoni, na mdai mmoja akampeleka mahakamani. Mwishoni mwa 1836 alimuuzia mkwewe karakana, akafunga zana zake chache, akamwacha mke mjamzito na watoto, akaondoka. Inasemekana alifika Illinois, jimbo la upande wa magharibi, na dola 73 hivi mfukoni. Wasimuliaji wengi humpamba kama kijana aliyefuata ndoto. Kwa ushahidi uliopo, mimi namwona mtu mzima wa miaka 32 anayekimbia deni, na sioni kwamba kusema hivyo kunampunguzia heshima.

Kwa nini Illinois? Ardhi ya serikali huko iliuzwa dola 1.25 kwa ekari, na tangu mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825 mtu wa mashariki aliweza kusafiri kwa mashua hadi maziwa makuu ya Amerika Kaskazini, akashuka Chicago, kisha akaendelea kwa gari la kukokotwa na wanyama. Deere alikwenda kilomita 160 hivi magharibi ya Chicago, mahali ambapo mto Rock unapinda sana, penye kijiji kichanga kilichoitwa Grand Detour. Mwanzilishi wake, Leonard Andrus, naye alitoka Vermont. Wageni hawa walifuatana kwa kujuana. Kijiji kilihitaji mhunzi, na habari zikarudi nyumbani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vipeperushi vya kampuni hulipita haraka. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wenyeji wa asili, yaani Wasauk na Wameskwaki, na upande wa kaskazini Waho-Chunk, walikuwa wakiishi kandokando ya mto Rock. Mji mkubwa wa Wasauk, Saukenuk, ulikuwa karibu na pale mto huo unapoingia Mississippi, na wanawake wake walilima mashamba mapana ya mahindi, maharage na maboga. Mwaka 1832 kiongozi wao Black Hawk alirudi na watu wake kuvuka Mississippi ili walime tena kwao. Wakafukuzwa kwa vita, na wengi wakauawa, wakiwemo wanawake na watoto. Deere alifika miaka minne tu baada ya hapo. Wateja wake wote walikuwa wakilima ardhi iliyopatikana kwa namna hiyo.

Sasa tuingie karakanani. Inasimuliwa kwamba alipofika, kiwanda cha Andrus cha kupasulia mbao kilikuwa kimesimama kwa sababu chuma chake kimoja kikubwa kimevunjika, na Deere akajenga tanuri la mawe kwa haraka ili akiunge. Ikiwa ndivyo, hiyo ndiyo picha halisi ya kazi yake: matengenezo. Watu humfikiria mhunzi wa vijiji vipya vya walowezi kama mtu wa kuunda vitu vipya. Sehemu kubwa ya siku yake ilikuwa vitu vilivyovunjika: mnyororo wa kuvutia magogo uliokatika, shoka lililokwisha makali na linalohitaji kuungiwa kipande kipya cha pua, bawaba za mlango, kulabu ya nira, plau butu.

Kazi moja ningependa uione kwa karibu, maana nadhani utaipenda: kuvisha gurudumu la mbao tairi ya chuma. Mhunzi aliviringisha kigurudumu kidogo chenye mpini kuzunguka gurudumu la mbao, akihesabu mizunguko, kisha akakiviringisha vilevile juu ya ukanda wa chuma. Ukanda ulikatwa ufupi kidogo kuliko mzingo wa mbao, ukakunjwa na kuungwa uwe pete. Pete ile haikuingia ikiwa baridi. Aliiweka ndani ya moto mkubwa uliowashwa nje, ikatanuka, kisha watu wawili au watatu wakaibeba kwa koleo ndefu na kuipachika juu ya gurudumu. Mbao zilianza kuwaka papo hapo. Wakamwaga maji haraka, mvuke ukafuka, chuma kikajikaza, na viungo vyote vya mbao vikalia huku vikibanwa pamoja. Akikosea kipimo kwa upana wa ukucha, pete italegea njiani au gurudumu litapinda kwa kubanwa mno. Mwisho wa kiangazi, mbao zilipokauka na kusinyaa, foleni ya magari yenye tairi zilizolegea ilikuwa ndefu.

Maksai nao walivishwa viatu, jambo ambalo wengi wetu hatujaliona. Ukwato wa ng'ombe umegawanyika, kwa hiyo kila mguu ulihitaji vibati viwili, na maksai mmoja alihitaji vinane. Tena ng'ombe hasimami vizuri kwa miguu mitatu kama farasi. Ilibidi afungiwe ndani ya fremu ya magogo na kuinuliwa kwa mkanda mpana chini ya tumbo, ndipo fundi amfanyie kazi. Hakuna mhunzi aliyeipenda kazi hiyo, lakini maksai ndio waliovuta kila kitu kizito, na wakati wa barafu mnyama asiye na viatu vyenye meno aliteleza na kuvunjika.

Uliuliza chuma kilitoka wapi. Kilitoka mbali. Vyuma vya fito vilivyofuliwa mashariki, hasa upande wa Pittsburgh, viliteremshwa kwa boti mitoni hadi St. Louis, au vililetwa kwa njia ya maziwa hadi Chicago, kisha vikapakiwa kwenye magari kwa safari ya siku kadhaa katika njia za matope. Chuma cha pua kilikuwa adimu zaidi, na kilicho bora kilitoka Sheffield, Uingereza. Ndiyo maana mhunzi hakutupa kitu. Tupa iliyokwisha ikawa patasi, springi iliyovunjika ikawa kisu. Msumeno uliovunjika kiwandani ulikuwa mali.

Swali lako la malipo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapo ndipo maisha ya fundi huyu yalipofungwa na kufunguliwa. Fedha taslimu hazikuwepo. Tarehe 10 Mei 1837 mabenki ya New York yaliacha kubadilisha noti kwa sarafu za dhahabu na za madini ya fedha, mabenki mengine yakafuata, na nchi ikaingia katika mdororo wa miaka kadhaa. Benki ya jimbo la Illinois yenyewe ilianguka mwaka 1842. Noti za benki ya mbali zilipokelewa kwa punguzo au zilikataliwa kabisa.

Kwa hiyo kijiji kiliishi kwa daftari. Mhunzi aliandika: fulani, kunoa plau, senti kadhaa; fulani, viatu vya maksai. Mkulima alichukua kazi mali kauli, na hesabu ilifungwa baada ya mavuno. Hata hapo alileta ngano, nyama ya nguruwe, kuni, siku za kazi, au deni alilokuwa akimdai mtu wa tatu. Ngano yenyewe ilipaswa kusafirishwa hadi Chicago ili iwe fedha, na bei ikianguka kule, mhunzi wa Grand Detour alilipwa pungufu bila kosa lake. Familia ya fundi ilikula vizuri kuliko unavyodhani. Lakini muuza chuma wa St. Louis hakutaka nguruwe. Alitaka fedha. Fundi aliyekuwa na sifa nzuri na daftari lililojaa wadaiwa aliweza kukosa chuma cha kesho. Deere alikwisha kuyaona hayo Vermont, na naamini hofu ile ya deni ilimsukuma kutafuta kitu atakachotengeneza kwa wingi na kukiuza hata nje ya kijiji, badala ya kungoja kivunjike kitu cha jirani.

Nyumbani, Demarius alifika mwaka 1838 baada ya safari ndefu na watoto watano. Mmoja wao, Charles, alizaliwa Machi 1837, baba yake akiwa ameshaondoka, kwa hiyo Deere alikuwa hajawahi kumwona. Nyumba ilikuwa ndogo, jirani na karakana, na mke wa mhunzi mara nyingi alikuwa pia mpishi wa wanagenzi na vibarua. Jambo jingine litakaloeleweka upesi kwetu: malaria. Kando ya mito ya Illinois homa ya vipindi ilikuwa ya kawaida sana, na kila mwisho wa kiangazi nyumba nzima ziliweza kulala kitandani zikitetemeka. Daktari John Sappington wa jimbo jirani la Missouri aliuza vidonge vyake vya kwinini huko kuanzia mwaka 1832. Tukisoma kwamba mavuno au kazi za karakana zilisimama mwezi Septemba, mara nyingi sababu ni hiyo.

Basi tuje kwenye plau. Udongo wa Vermont ni wa mawe na mchanga. Plau ya chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, ilitosha. Udongo wa Illinois ni mweusi, mzito, wenye mboji nyingi, unaganda kwenye plau kama udongo wetu wa mbuga unavyoganda kwenye jembe mvua zikinyesha. Chuma cha kusubu kina vitundu na mikwaruzo, na udongo ule ulipata pa kushika. Mkulima alikwenda hatua chache, akasimama, akakwangua kwa kibao, akaendelea, akasimama tena. Wengine walianza kufikiria kuhama. Na malalamiko hayo yote yaliishia wapi? Kwa mhunzi, ambako plau zililetwa kunolewa.

Kwa simulizi inayojulikana, mwaka 1837 Deere alichukua kipande cha msumeno uliovunjika wa kiwanda cha mbao, akakata meno yake kwa patasi na nyundo, akakikata umbo, akakipasha na kukipinda juu ya gogo lililochongwa mpaka kikapata mkunjo wa kupindua udongo, akakifunga kwenye mti na mishikio ya mbao. Kisha akakisugua mpaka king'ae, kama alivyozoea kwa uma na sepetu za Vermont. Plau ikapita kwenye udongo mweusi ikijisafisha yenyewe.

Hapa naomba tutenganishe mambo mawili ambayo hata baadhi ya vitabu huyachanganya. Kuvunja mbuga ambayo haijawahi kulimwa ilikuwa kazi ya plau nyingine kabisa: dude refu la mbao lenye kisu kipana, likivutwa na jozi kadhaa za maksai, likikata mizizi ya nyasi ndefu kuliko mtu. Mara nyingi mkulima aliikodi pamoja na wenyewe, ekari kwa ekari, mwezi wa Mei na Juni. Plau ya Deere ilikuwa ya miaka iliyofuata, shamba likishavunjwa, nyasi zimeoza, na udongo umekuwa laini na wa kunata. Na kazi hiyo ya kila mwaka ndiyo yenye soko kubwa: mbuga huvunjwa mara moja, lakini shamba hulimwa kila msimu.

Je, ndiye aliyegundua? Hapana. Mhunzi aitwaye John Lane, upande wa Lockport karibu na Chicago, alitengeneza plau kwa vipande vya msumeno wa pua mwaka 1833, miaka minne kabla yake. Hakuchukua hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, na Deere naye hakuchukua hataza ya plau ile ya kwanza. Wahunzi wenye tatizo moja, udongo mmoja na mabaki yaleyale ya misumeno wangefikia jibu linalofanana. Enzi ile karakana za kijijini zilitoa mambo makubwa zaidi ya plau: Thomas Davenport, mhunzi wa Brandon, Vermont, si mbali na Middlebury, alipata hataza ya mota ya umeme mwaka huohuo wa 1837.

Kwa nini basi Deere akapanda? Jibu langu ni kwamba aligeuza namna ya kuuza kabla hajageuza namna ya kutengeneza. Mhunzi wa kawaida alingoja mkulima aje na kuagiza. Deere alianza kutengeneza plau kabla ya kuagizwa, akaziweka zionekane, akazipeleka kwa gari kwenye maduka ya vijiji vingine ziuzwe kwa kamisheni. Mkulima aliiona plau imekamilika, akaichukua siku hiyohiyo. Hesabu zinazotajwa zilianza kidogo sana: plau 10 mwaka 1839, 40 mwaka 1840, 75 mwaka uliofuata, na 100 mwaka 1842. Angalia miaka hiyo: ni ileile ya mdororo. Wakati wote huo aliendelea na viatu vya maksai na minyororo, kwa sababu plau peke yake hazikulisha nyumba.

Mwaka 1843 aliingia ubia na Andrus, mwenye mtaji na duka, na karakana ikaanza kuwa kiwanda. Misumeno mibovu haikutosha tena, hivyo pua iliagizwa Sheffield kwa gharama kubwa, na mwaka 1846 kiwanda cha Jones na Quigg cha Pittsburgh kikamtengenezea pua ya plau nchini humohumo. Kikwazo kilichobaki kilikuwa kijiji chenyewe: kila kilo ya chuma na kila plau ilipita kwenye matope. Mwaka 1848 Deere alihamia Moline, kwenye mto Mississippi, penye nguvu ya maji, makaa ya mawe karibu, na boti za mvuke. Washirika wake wapya walikuwa Robert Tate na John Gould. Mwaka 1849 walitengeneza plau 2,136. Grand Detour ilikosa reli na ikabaki kijiji kidogo hadi leo.

Tate na Deere waligombana juu ya jambo ambalo wewe kama fundi utalitambua mara moja. Deere hakuacha kubadilisha umbo la plau, na Tate aliona kwamba wakulima wanachukua wanachopewa, hivyo mabadiliko yote yale ni hasara. Deere alishikilia kwamba wasipoboresha wao, mwingine ataboresha. Mwaka 1852 wakaachana. Biashara ilipoyumba katika mdororo wa 1857, uongozi ukahamia kwa Charles, yule mtoto aliyezaliwa baba hayupo. Charles alisomea hesabu za biashara Chicago na hakuwa mhunzi. Kampuni ikasajiliwa rasmi mwaka 1868. Mzee akawa meya wa Moline mwaka 1873, akafariki tarehe 17 Mei 1886. Demarius alikuwa amefariki mwaka 1865, baada ya kuzaa watoto tisa, na baadaye Deere akamwoa dada yake, Lucinda. Kuhusu trekta, kampuni iliingia kwenye biashara hiyo kwa kununua kiwanda cha Waterloo, jimbo la Iowa, mwaka 1918, miaka 32 baada ya kifo cha mwenye jina. Yeye hakuwahi kuiona trekta ya kijani.

Wahunzi wenzake hawakuangamia mara moja, wala sipendi wanavyosimuliwa kama watu walioshindwa. Plau ya kiwandani bado ilihitaji kunolewa, farasi bado walihitaji viatu, na mashine mpya za kuvunia zilivunjika mara kwa mara. Vijiji vya Magharibi ya Kati, yaani Illinois na majimbo ya jirani, viliendelea kuwa na wahunzi wengi hadi magari na trekta zilipoingia karne ya 20, na baadhi yao wakageuka mafundi wa injini na wa kuchomelea. Kilichopungua ni ile sehemu ya kazi ya kuunda kitu kizima kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye kiwanda cha Moline mtu mmoja alipinda, mwingine alitoboa, mwingine alisugua mawe siku nzima na kuvuta vumbi lake kifuani. Mwanagenzi aliyejua rangi zote za moto hakuhitajika tena humo.

Kwa kuwa unatengeneza plau, nimalizie na moja iliyobaki. Makumbusho ya Smithsonian mjini Washington yana plau ya Deere ya mwaka 1838. Ilikuwa ya mkulima wa jirani na Grand Detour, Charles Deere akaipata tena mwaka 1901, na kampuni ikaikabidhi makumbusho mwaka 1938. Mtaalamu wa makumbusho hayo alipoichunguza vizuri katika miaka ya 1950, alikuta kwamba pua iko kwenye kisu cha chini kinachokata ardhi. Bapa kubwa linalopindua udongo, lile ambalo simulizi zote husema lilikuwa la pua, ni chuma laini cha kawaida cha kufuliwa. Pua ilikuwa ghali mno kutumika pasipohitajika, kwa hiyo mhunzi aliiweka kwenye makali, na bapa akalisugua kwa jiwe mpaka udongo ukakosa pa kushika. Ukitaka kulijaribu hilo kwenye plau zako za udongo mzito, anza na bapa: lisugue kufuata njia udongo unavyopita, usiache mstari wa kuchomelea upande wa mbele, na lipake mafuta kila likitoka shambani lisishike kutu.